Kipozeo cha pauni 35 kinatosha, hizo mia na kitu tuma nyumbani

Najua wengi mnaingia hapa kuangalia wiki hii nani ana kiwango kizuri cha kutuma hela, na mtu akiona leo tunaongelea kipozeo cha prosesa atadhani tumeishiwa mada. Hatujaishiwa. Swali hili linaletwa kila mara na watu wanaojiundia kompyuta za magemu, kipande kimoja kila siku ya mshahara, na kila likija limebeba bei. Kuna kipozeo cha maji, kina mataa, pauni 150, nichukue?

Mimi nasema usichukue. Na nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoachia hela bila kujua wamenunua nini.

Lakini kwanza tuondoe aibu. Wapo wanaosema mtu mzima aliyeacha watoto nyumbani hana biashara na magemu. Siko upande huo. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi saiti, au dada anayelala kwa bosi na ana Jumapili moja tu ya kupumua, ana haki ya kitu cha kumtuliza kichwa. Bia moja ya baa hapa London inacheza kwenye pauni 6 au 7, na haikai hata nusu saa. Gemu unanunua mara moja unacheza mwaka mzima. Halafu kompyuta ya kuunda mwenyewe ina maisha mawili: miaka yake michache ya hapa, kisha inapanda ndege au kontena kwenda kwa mdogo wako wa chuo, Dar, Mombasa au Kampala. Hayo maisha ya pili ndiyo wauzaji wa vipozeo hawayafikirii kabisa, maana tangazo lao limeandikwa kwa mtu atakayekaa chumba kimoja cha baridi maisha yake yote.

Sasa tuangalie chombo chenyewe. Prosesa inakula umeme, na karibu umeme wote huo inaugeuza kuwa joto. Chukua Ryzen 5 5600, ambayo wengi wenu mnainunua kwa sababu bei yake imeshuka. Imeandikiwa wati 65. Hilo ni joto la balbu ya zamani ya wati 60, ile ambayo ukiishika ikiwa inawaka unairuka. Tofauti ni kwamba joto la prosesa linatoka kwenye eneo dogo kama kucha. Kazi ya kipozeo ni kulibeba joto hilo haraka na kulimwaga kwenye hewa ya chumba. Kina kitako cha chuma kinachokaa juu ya prosesa, vijibomba vya shaba vinavyopandisha joto juu, mabati membamba ya aluminiamu ya kulitawanya, na feni ya kupuliza. Basi.

Kipozeo hakitengenezi baridi. Hakina gesi kama friji. Kiwe cha hewa au cha maji, cha pauni 20 au 250, hakiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko chumba chako. Shikeni hilo, tutalirudia.

Na prosesa ikipata moto kupita kiasi haiungui kama watu wanavyotishwa. Inajipunguza kasi yenyewe. Ryzen 5 5600 ina kikomo cha nyuzi 90, ndugu yake mpya Ryzen 5 7600 ni 95, na Intel nyingi za sasa ni 100. Ukifika hapo gemu linaanza kukwamakwama, hasara yako ni hiyo. Kwa hiyo unachotafuta ni kukaa chini ya kikomo kwa nafasi ya kutosha. Kutoka nyuzi 72 hadi 65 hakukuongezei ushindi hata mmoja, kwani katika magemu mengi kinachochoka kwanza ni kadi ya grafiki, na prosesa haifiki hata kwenye wati zake zote.

Jambo la pili wengi hawalijui: huenda kipozeo umeshakilipia. Ukinunua Ryzen 5 5600 au 7600 ya kwenye boksi, ndani mna kipozeo kidogo kinaitwa Wraith Stealth. Intel za boksi zisizo na herufi K nazo huja na chao. Zisizokuja nacho ni Intel zenye K, zile Ryzen zenye X3D mwishoni, na nyingine zenye X kama 7600X. Kuwa makini pia na prosesa inayouzwa "tray", yaani bila boksi, maana hiyo inakuja tupu. Bei yake inavutia mpaka ukumbuke kipozeo utanunua pembeni.

Sasa kama cha bure kipo, kwa nini nasema cha pauni 35? Nina sababu mbili, na zote zinatoka kwenye maisha yetu.

Ya kwanza ni kelele. Wengi wetu tunapanga chumba kwenye nyumba ya watu sita, na wengine chumba kimoja vitanda viwili. Feni ya kipozeo kidogo lazima izunguke kwa kasi sana ili ifanye kazi, na inalia kama mashine ya kukaushia nywele iliyo chumba cha pili. Mwenzako ana shifti ya usafi saa kumi na moja alfajiri pale Canary Wharf. Ugomvi wa aina hiyo umeshahamisha watu nyumba, na kuhama nyumba London ni amana mpya na kodi ya mwezi wa kwanza. Kipozeo kikubwa kina feni kubwa inayozunguka taratibu, na chumba kinabaki na utulivu.

Ya pili ni joto la nyumbani, na hapa tufanye hesabu. Sema chumba chako Barking kina nyuzi 20, na prosesa ikicheza gemu inafika 80 ikiwa na kipozeo cha bure. Maana yake inakaa nyuzi 60 juu ya chumba. Ipeleke Dar mwezi wa Februari, sebuleni nyuzi 32 bila kiyoyozi. Zile 60 haziondoki, sasa uko 92, umevuka kikomo cha 5600. Mdogo wako atakupigia kusema umemtumia kompyuta mbovu. Ukiwa na kipozeo kizuri cha hewa kinachokaa nyuzi 45 juu ya chumba, kwako itasoma 65 na kwake 77. Kila kitu shwari. Na msifikiri London ni baridi siku zote. Tarehe 19 Julai 2022 Heathrow ilipima nyuzi 40.2, na wanaopanga vyumba vya darini wanakumbuka usiku ule.

Kwa bei hiyo, ninachowaelekeza watu ni Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Ni ya kampuni ya Taiwan, ina minara miwili ya mabati, vijibomba sita na feni mbili za milimita 120, na hapa Uingereza inauzwa kama pauni 30 na kitu. Ikipimwa na Noctua NH-D15 ya Waaustria, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa mfalme wa vipozeo vya hewa na bei yake inagonga pauni 90 na kuendelea, tofauti ni nyuzi chache tu. Noctua ni kitu cha heshima, sisemi vibaya, feni zake zinadumu na wanatoa warantii ya miaka 6. Ila kwa prosesa ya wati 65 ni kama kukodi lori la tani kumi kuhamisha godoro. Ukitaka kubana zaidi, Arctic Freezer 36 huwa iko chini ya hapo na inatosha.

Tuje kwenye maji. Wanaojua magari watanielewa haraka. Zile Volkswagen za zamani za umbo la kobe hazikuwa na rejeta, injini ilipozwa na upepo, na zimekimbia barabara za vumbi kwetu miaka na miaka. Gari la rejeta linapoza vizuri zaidi likiwa zima, lakini hose ikipasuka au pampu ikigoma, utalikuta limechemsha katikati ya Kitonga na utingo anatafuta maji. Kipozeo cha maji ni habari ileile. Kina pampu ndogo inayozunguka muda wote kompyuta ikiwa imewashwa, mipira miwili, na rejeta yenye feni mbili au tatu. Vingi vimefungwa kiwandani, huwezi kufungua kuongeza maji. Na maji yanapungua kidogo kidogo kupitia kwenye mipira, mwaka baada ya mwaka, hata kama hakuna kinachovuja.

Cha hewa kina kitu kimoja tu kinachozunguka, yaani feni. Ikifa, feni ya milimita 120 ni saizi ya kawaida duniani kote. Utaikuta Kariakoo, utaikuta Luthuli Avenue Nairobi, fundi anaibana kwa vile vijiwaya viwili na mchezo unaendelea. Pampu ikifa hakuna spea. Unatupa kitu kizima. Warantii unayo, ndiyo, Arctic kwa mfano wanatoa miaka 6 kwenye vya maji pia, lakini mpaka ukirudishe Ulaya kutoka Tabora nauli ya mzigo imekula nusu ya bei.

Halafu kuna uongo mmoja unaotembea kwamba cha maji kinapunguza bili ya umeme. Hakipunguzi. Umeme unaliwa na prosesa na kadi ya grafiki, kipozeo kinabeba tu joto lililokwisha kutengenezwa. Ukitaka bili ishuke, punguza kikomo cha fremu kwenye gemu, ni bure na kinapatikana kwenye mipangilio.

Hesabu ya hela ndiyo hii. Cha maji pauni 150, cha hewa pauni 35, tofauti pauni 115. Kwa kima cha chini kilichoanza Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, hizo ni zaidi ya saa 9 za kazi kabla ya kodi. Yaani siku nzima ya kubeba plasterboard kwenye ngazi, pamoja na ovataimu. (Dada zangu mnaolala kwa bosi, kwa kuwa tumegusa kima cha chini: ile sheria iliyoruhusu msilipwe eti mnaishi kama familia ilifutwa tarehe 1 Aprili 2024. Kama bado mnaambiwa hivyo, mnadanganywa.) Pauni 115 zikitumwa nyumbani, kwa viwango vya karibuni, ni zaidi ya laki tatu za Tanzania au zaidi ya shilingi 15,000 za Kenya. Hiyo ni michezo miwili mitatu ya upatu, au sare na viatu vya shule na chenji ikabaki. Na uzitume kwa mkupuo mmoja, msizikatekate, mnajua wenyewe ada ya kutuma inavyokula vipande vidogo.

Kinachonitia hasira zaidi ni pale muuzaji anapokuambia lipa awamu tatu bila riba. Mtu ambaye asingetoa 150 mfukoni anakubali 50, kisha 50, kisha 50, na ile ya tatu inamkuta wiki ya mvua saiti imefungwa. Kipozeo si jokofu la familia. Kama hela yake haipo leo, tumia cha bure cha kwenye boksi mpaka ipatikane. Kompyuta itawaka vizuri tu, utavumilia kelele.

Nisiwe mkali upande mmoja. Kuna prosesa ambazo cha maji kina maana kwake. Intel Core i9-14900K inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 253, na ukiipa kazi nzito ya kuchakata video saa nzima, kipozeo cha hewa kitahema. Lakini hiyo si prosesa ya mtu anayecheza mpira na Counter-Strike baada ya shifti, na ukiinunua utalipa tena kwenye mazabodi na kwenye pawasaplai. Ryzen 7 7800X3D, ambayo vijana wanaililia kwa magemu, imeandikiwa wati 120, na ile Thermalright inaimudu bila jasho. Kuna pia wanaopenda tu muonekano, mataa yanayobadilika rangi nyuma ya kioo. Sawa, uzuri una bei. Semeni tu kwamba mnanunua pambo, msiniambie ni kwa ajili ya kasi.

Hoja moja ya watu wa maji naikubali kabisa: uzito. Kipozeo cha minara miwili kinaning'inia kwenye mazabodi, na NH-D15 na feni zake inafika kilo 1.3. Kompyuta ikikaa mezani hakuna shida. Ikirushwarushwa njiani, hapo kuna shida, na nitairudia mwishoni.

Kabla ya kununua, pima. Kila kasha limeandikwa urefu wa kipozeo linachokubali, kwa milimita. Peerless Assassin 120 SE ina 155, NH-D15 ina 165, na makasha membamba ya bei rahisi mengine hayafiki huko. Ninyi mnaofunga makabati ya jikoni kwa milimita hamna kisingizio. Angalia pia soketi ya mazabodi yako. AM4 ni ya Ryzen 5600, AM5 ni ya 7600 na 7800X3D, na Intel wana zao. Kipozeo lazima kije na vibano vya soketi hiyo.

Cha mitumba? Cha hewa, ndiyo, bila wasiwasi. Ni chuma na feni. Hakikisha tu vibano na skrubu zote zipo, maana muuzaji wa mtandaoni huvisahau kwenye droo, na bila vibano umenunua jiwe. Cha maji cha mitumba usiguse, hujui pampu imezunguka saa ngapi. Na kumbuka haki zako. Ukinunua mtandaoni kwenye duka la Uingereza una siku 14 za kubadili mawazo tangu mzigo ukufikie, na kitu kikiwa kibovu una siku 30 za kukirudisha na kudai hela yako yote. Ukimlipa mtu binafsi keshi nje ya stesheni, ule ulinzi wa dukani haupo.

Kufunga si kazi ngumu kwa mtu anayeshika bisibisi kila siku. Toa ile plastiki nyembamba iliyobandikwa chini ya kitako, watu wengi huisahau kisha wanalalamika kompyuta inachemka. Weka pesti kiasi cha punje ya njegere katikati ya prosesa. Skrubu kaza kwa msalaba, kidogo huku kidogo kule, kama nati za tairi. Kama unatoa kipozeo cha zamani kwenye AM4, washa kompyuta kwanza dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya, kisha kizungushe kushoto kulia kabla ya kukivuta. Ukikivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kung'oka nayo na miguu yake ikapinda.

Halafu vumbi, na hapa nasema na watu wa plasta na dryline. Vumbi la jasi linakuja nyumbani na koti, linaruka chumbani, na feni inalivuta mpaka katikati ya mabati. Miezi mitatu minne linakuwa kama blanketi. Tundika nguo za kazi nje ya chumba ikiwezekana, usiweke kasha sakafuni, na kila baada ya miezi mitatu puliza kwa kopo la hewa huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Usitumie kitambaa kibichi, jasi likilowa linaganda, ninyi mnalijua kuliko mimi.

Na kwa mnaosafiri Desemba: kipozeo kikubwa kitoe kabla mashine haijasafiri, iwe kwa ndege au kwa pipa la kontena. Kibungie gazeti na kikae peke yake kwenye boksi. Prosesa iache kwenye soketi yake na uifunike na bamba la boksi jepesi lisilosukuma kitu. Skrubu na vibano vitie kwenye mfuko wa plastiki, uandike, uubandike ndani ya kasha ili atakayepokea asianze kuvitafuta. Nunua bomba dogo la pesti la pauni 5 hivi uweke pamoja, maana ile ya kwanza haitumiki mara mbili, na mwambie mdogo wako aifute kwa pamba na spiriti kabla ya kuweka mpya. Akishafunga, acheze gemu nusu saa mchana wa jua kali akupigie akutajie nyuzi. Ikiwa chini ya 85, mzigo umefika salama.